Bakuli la Tambi Nyuma ya Pazia

Kanyange amezeeka bila kujua kupika majani, na kwa kweli hakuna aliyewahi kumlaumu. Alizaliwa katika familia ya wafugaji kwenye vilima vya Masisi, akaolewa katika familia nyingine ya wafugaji kilima cha pili, na maisha yake yote mboga zilikuwa habari za majirani. Kwake watu waliamka kwa maziwa, wakalala kwa maziwa, na katikati wakala viazi au maharagwe yaliyonunuliwa kwa wakulima. Siagi yake ilijulikana mpaka sokoni Sake. Ungemwuliza kuhusu kabichi, angekujibu kwamba ni kitu kizuri sana, ng'ombe wanakipenda.

Aliyemletea taabu ya kujifunza ni mumewe, Védaste, mzee mrefu mwenye fimbo, kofia na maoni. Jumapili moja mahubiri yalipokuwa yamenoga, Védaste alisimama, akayumba, akaanguka kati ya mabenchi. Kwa dakika nzima waumini walifurahi, wakidhani neno limemgusa mtu ambaye lilikuwa limemkosa miaka mingi. Ndipo wakaona jasho. Wakambeba hadi kituo cha afya, na huko muuguzi Akilimali akamfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia, akakijaza upepo, akaangalia mashine, akakijaza tena maana hakuamini alichokiona. Presha ya damu ilikuwa imepanda, ugonjwa ambao huku kila mtu anauita tansio. Akilimali akatoa amri zake: chumvi ipungue, siagi ipungue, jibini iachwe kabisa, na mboga ziliwe kila siku. Védaste alikubali yote bila kubishana, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kurudi kwa ng'ombe.

Habari zilishuka Goma haraka kuliko mgonjwa alivyopanda kilima. Valens, mtoto wao wa kwanza, ana duka la dawa kule mjini, na tangu alifungue amekuwa nusu daktari. Alipiga simu, akauliza maswali mengi yenye Kifaransa ndani yake, kisha akasema uamuzi wake. Papa atapimwa tena mwezi ujao. Kama tansio haijashuka, yeye mwenyewe atapanda na pikipiki kumchukua, Papa na Mama wakaishi naye Goma, na ng'ombe watabaki kwa mchungaji wa mshahara.

Kanyange aliogopa, na afadhali tuseme wazi alichoogopa. Goma angeivumilia, hata kama uani kwa Valens ni mawe meusi matupu ambayo hayaoti hata jani la kusingizia. Alichoogopa ni Védaste bila ng'ombe. Alikwisha kumwona hivyo mara moja, walipoteremka kwa harusi ya Valens, na kabla ya jua kuzama mzee alikuwa amekaa mlangoni akitazama kila gari linalopita kana kwamba anatafuta lililopotea. Mtu huyo ukimtenga na ng'ombe wake atakufa, na mashine ya Akilimali haitaonyesha ni kwa nini.

Basi mboga zikapikwa. Tatizo ni kwamba Védaste hakuzila. Siku ya kwanza alipewa sahani ya lengalenga, mchicha wa huku, akaiangalia, akamwangalia Kanyange, akageuza macho dirishani alikokuwa amesimama Gaju, yule ng'ombe mwekundu mkubwa anayeongoza wenzake.

"Mimi na Gaju tukule chakula moja?" akauliza. "Na nani atachunga mwenzake?"

Akaenda zake. Kanyange akabaki na sahani mkononi, na kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumlilia, akaiteremsha hivyo hivyo hadi kwa Dorothée.

Dorothée ni jirani wa upande wa chini, mkulima wa maharagwe na mihogo kama walivyokuwa baba yake na babu yake, mwanamke mnene wa kicheko. Wawili hawa wameimba pamoja katika kwaya ya kina mama miaka mingi, na kila mara ng'ombe wa juu walipoingia katika maharagwe ya chini, ugomvi ulimalizwa kwa kibuyu cha maziwa na matusi machache ya heshima. Dorothée alisikiliza shida nzima, akala lile lengalenga ili lisiharibike, kisha akauliza kama kuna chakula chochote cha mjini ambacho Papa Valens aliwahi kukipenda. Kanyange akafikiri. Akakumbuka harusi ileile. Mzee alitengewa chumba chake na sahani ya tambi, na sahani ilirudi nyeupe.

"Basi njo hiyo," akasema Dorothée. "Supageti juu, majani chini. Muntu atakuwa nafikiri iko nakula harusi."

Siku ya kwanza ya somo ilikuwa ya aibu. Dorothée alimwacha mwanafunzi wake na pakiti ya tambi akaenda kung'oa karoti, na Kanyange akafanya kile anachokijua: alizitia tambi katika maji kama maharagwe, akafunika sufuria, akaongeza kuni, akaenda kusukasuka maziwa. Aliporudi hapakuwa na tambi. Palikuwa na uji mzito, na hata mbwa aliunusa akaondoka na heshima yake. Dorothée alicheka mpaka akakaa chini, na Kanyange, ambaye hajazoea kuchekwa jikoni kwake, alinuna hadi siku ya pili.

Siku ya pili mambo yalikwenda. Maji yalichemka kwanza, tambi zikaingia, na Dorothée akamkataza kutoka jikoni hata kama nyumba inaungua. Zilipolainika huku bado zina ukaidi kidogo, zikachujwa na kumwagiwa maji baridi. Katika sufuria nyingine kijiko kimoja tu cha mafuta, kisha kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, harufu ikapanda hadi zizini. Karoti zilikatwa nyembamba kama njiti za kiberiti, kabichi kama nyuzi, liki, vile vitunguu virefu vya majani, kama pete, na kila kimoja kiliingia kwa zamu yake, kigumu kwanza na laini baadaye. Lengalenga liliingia mwisho kabisa na kutolewa lingali kijani. Dorothée alitaka kumalizia kwa karanga zilizotwangwa. Kanyange akakataa katakata: kwa watu wake, mwenye kula karanga hagusi maziwa siku hiyo, la sivyo chuchu za ng'ombe zitapasuka, na Védaste akilazimishwa kuchagua kati ya maziwa na karanga, karanga zitarudi jikoni na bakuli lake. Wakakata parachichi badala yake. Chumvi hawakutia hata chembe. Walikamua limau, wakaongeza pilipili kidogo ya kuamsha ulimi, na Kanyange alipoonja alikunja uso kwanza, kisha akaonja tena, kisha akaonja mara ya tatu bila kuulizwa.

Hapa inabidi kueleza desturi, maana bila hiyo kisa hiki hakitembei. Katika kizazi cha Védaste, mwanamume wa heshima haonwi akila. Kunywa maziwa mbele za watu ni sawa, maziwa ni heshima, lakini kutafuna ni jambo la faragha kama kuoga. Kwa hiyo katika nyumba ile kuna pazia la kitambaa cha maua, na nyuma ya pazia kuna kiti na meza ndogo, na hapo ndipo Védaste amekula chakula chake chote tangu aoe. Wanawe hawajawahi kuuona mdomo wake ukitafuna. Kanyange mwenyewe, mke wake wa ndoa, anapitisha sahani pembeni mwa pazia na kuipokea palepale. Hajui hata kama mumewe anatafuna upande wa kulia au wa kushoto.

Bakuli la kwanza lilipita pembeni mwa pazia. Likarudi tupu. La pili likarudi tupu, la tatu vilevile, na Kanyange akaanza kutembea kilimani kifua mbele. Kila siku alipika. Alijifunza kuacha karoti zikiwa na mlio, alijifunza kwamba liki ina mchanga katikati, alianza hata kumshauri Dorothée, jambo ambalo Dorothée alilivumilia kwa shida.

Mwezi ukaisha, Védaste akapimwa. Tansio ilikuwa palepale.

Jioni hiyohiyo Valens alipiga simu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza mama yake zaidi. Alisema anajua Mama anampenda Papa, na kwamba wagonjwa wengi wa mjini wanauawa na wake zao wenye huruma, kachumvi leo, kasiagi kesho. Kanyange akaapa kwamba hatii chumvi.

"Lakini Mama," Valens akasema, "nani aliona Papa akikula hizo mboga?"

Hakuna aliyeona. Kanyange alikata simu. Maneno yale yalimwingia na hayakutoka. Alianza kukumbuka kwamba pale nyuma ya pazia pana dirisha, na nje ya dirisha hufungwa ndama. Kesho yake alimkuta ndama yule na kitu cheupe kinaning'inia mdomoni, moyo ukampasuka, akamkamata kwa masikio kukichunguza. Kilikuwa kipande cha kamba. Ndama aliachiliwa, lakini shaka haikuondoka, na mchana ule Kanyange alifanya jambo ambalo mama yake angemwonea haya. Alipitisha bakuli pembeni mwa pazia, akajikohoza, akapiga hatua za uongo kuelekea jikoni, kisha akarudi kwa vidole vya miguu na kuweka jicho kwenye tundu la pazia.

Védaste alikuwa anakula. Alikuwa anakula kwa taabu ambayo haijapata kuonekana. Uma hakuutaka, kwa hiyo alizungusha tambi kwenye vidole viwili, akazipandisha juu, zikamponyoka, akazifuata kwa mdomo, moja ikamkaa kidevuni na nyingine ikapotelea ndevuni. Alipofika kwenye majani alisimama kidogo, akavuta pumzi, akafumba macho kama mtoto anayemeza kwinini, akatafuna. Akatafuna jani moja moja mpaka la mwisho. Kisha akapangusa bakuli kwa kidole ili mkewe asidhani kimebaki kitu.

Kanyange aliziba mdomo kwa kitenge chake. Kicheko kilikuwa kinakuja na machozi yalikuwa yanakuja, na vyote viwili vilitaka mlango mmoja. Mzee wake anachukia majani kuliko alivyodhani, na anayala yote. Alimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi yao, ambayo kwa kweli alikuwa amemwogopa tu.

Alitoka nje kupumua, na kwa sababu alikuwa nyuma ya zizi alimwona Védaste akitoka pia, akiwa amejifuta na kurudiwa na heshima yake yote. Mzee alifungua gunia la chumvi ya ng'ombe. Akachota kiganja, akakipeleka mdomoni, akakilamba vizuri, akaonyesha kwa kichwa kwamba ni nzuri, kisha akampa Gaju. Gaju akalamba. Akachota tena kwa ajili ya anayefuata, akalamba yeye kwanza, akampa. Akaenda hivyo zizi zima, ng'ombe kwa ng'ombe, mkubwa kwa mdogo, akiwataja majina, na kila mmoja alikula chumvi pamoja na mwenyeji wake.

"Papa Valens," Kanyange aliita, na sauti ilimtoka nyembamba. "Unafanya ivi kila siku?"

"Asubui na mangaribi."

"Na muganga alikuuliza unakulaka nini, haukumwambia?"

Védaste alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Aliniuliza chakula. Hii haiko chakula. Hii iko kazi."

Kanyange alieleza kwa utaratibu, kisha kwa ukali, kwamba tumbo halijui tofauti. Védaste naye akaeleza kwamba baba yake alionja, na baba wa baba yake, kwa sababu ng'ombe hawezi kuamini mkono ambao haujaonja. Mkewe akampa njia rahisi: apeleke mkono mdomoni, afumbe midomo, ng'ombe wataona mkono tu. Hapo mzee alikasirika hasa. Mtu ambaye amewahi kumdanganya muuguzi, mpokea zaka na wanunuzi wa jibini wa kila daraja alisimama pale akauliza kama mke wake anamtaka amdanganye Gaju. Aliondoka bila kufunga gunia.

Siku tatu hazikupita, pikipiki ikapanda kilima. Valens alikuwa na begi tupu mgongoni, la nguo za baba yake. Alisalimia kwa adabu, akanywa maziwa aliyopewa, akaweka kikombe chini. Baba yake alikuwa nyuma ya pazia na bakuli lake, kwa hiyo Valens alizungumza na mama yake kwa sauti ya chini, akidhani pazia ni ukuta. Alisema hakuja kugombana. Alisema anajua chumvi inatoka jikoni, kwa kuwa hakuna mahali pengine inapoweza kutoka, na kwamba Mama asione haya, moyo wake ni mzuri tu, lakini moyo huo unamuua Papa.

Kanyange alikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni mwake tayari. Angesema neno moja juu ya gunia la zizini na jina lake lingekuwa safi palepale. Lakini alimjua mwanawe: angesikia kwamba chumvi inatoka kwa ng'ombe, na angesema basi, hao ng'ombe ndio wanaomuua, twende. Akaangalia mikono yake, ambayo bado ilinuka tangawizi.

"Labda nilitiaka kidogo," akasema. "Sitarudilia tena. Utuachilie mwezi moja, mutoto wangu."

Valens alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyethibitisha alichokuwa anakijua, akainuka aende kukusanya nguo.

Pazia likafunguka. Védaste alitoka na bakuli mkononi, limejaa nusu. Alivuta kiti hadi katikati ya sebule, mbele ya mwanawe, akaketi, akaweka bakuli magotini. Valens akaelewa kinachotaka kutokea, akageuza uso haraka kuelekea ukutani kama alivyofundishwa tangu utoto.

"Angalia," Védaste akasema. "Ulikuja kuangalia."

Akala. Alizungusha tambi vidoleni, zikamponyoka, akazifuata. Alikula karoti, akala kabichi, akafika kwenye majani akafumba macho, akayala. Valens, mtu mzima mwenye duka na watoto, alikuwa akimwona baba yake akitafuna kwa mara ya kwanza, na machozi yalimjaa akashindwa kuyaficha. Tambi moja ilibaki imening'inia ndevuni. Kanyange aliinuka, akaitoa kwa vidole vyake, akarudi kuketi.

"Mama yako hakutia chumvi hata siku moja," Védaste akasema bakuli lilipokwisha. "Amesema bongo, amesema uongo, juu ya kunilinda. Chumvi iko mu gunia ya ng'ombe. Mimi njo nilikuwa nalamba."

Kisha akaeleza yote, mkono, ulimi, Gaju, baba yake na baba wa baba yake. Valens alisikiliza hadi mwisho, na kama Kanyange alivyohofia, akasema kwamba basi ng'ombe ndio wa kuachwa. Védaste hakubishana. Alisema tu kwamba saa ya kuwapa chumvi imefika, na kwamba anayetaka kuja aje.

Wakashuka zizini wote watatu. Védaste alichota kiganja cha chumvi. Alisimama mbele ya Gaju muda mrefu kuliko kawaida. Akapandisha mkono hadi mdomoni, akaufunga mdomo kwa nguvu mpaka midomo ikawa nyeupe, akaonyesha kwa kichwa kwamba ni nzuri, akamnyooshea.

Gaju alimwangalia. Alinusa mkono, akamwangalia tena usoni, na Védaste akainamisha macho. Kisha Gaju akalamba. Mzee akachota tena kwa anayefuata, midomo imefungwa, akataja jina lake kwa sauti ambayo haikuwa imara, akaendelea hivyo hadi kwa ndama wa mwisho. Alipomaliza alifunga gunia na kubaki amewapa mgongo. Kanyange alilia waziwazi, wala hakuinua kitenge kujifuta. Valens akamwomba baba yake baraka ya safari, akaliweka begi mgongoni likiwa tupu, akawasha pikipiki na kuteremka Goma peke yake.